Vilango Vinane

Mke wangu alitoka na birika la chai, akasimama uani, akautazama ukuta wa mbele wa nyumba yetu kutoka kona hadi kona. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, skrubu mbili nimezibana mdomoni.

"Sasa hivi vinafunga nini?" akauliza.

Nikazitoa skrubu. "Havifungi. Ni vya urembo."

Alilirudia lile neno, urembo, taratibu, kama mtu anayeonja maziwa ajue kama yamechacha. Kisha akamfasiria mama yake, aliyekuwa ameketi kivulini akichambua mchele. Mama mkwe aliinua uso mara moja, akavihesabu vilango vyangu vya mbao, vinane kwa jumla, viwili kila dirisha, akarudi kwenye sinia lake. Hakusema kitu. Katika miaka niliyokaa Elwak nimejifunza kukiogopa kimya chake kuliko maneno ya watu kumi.

Ukweli, nami nausema kwa kuwa nyumbani umeshafichuka, ni kwamba siku tatu kabla ya hapo vilango vile havikuwa vya urembo hata kidogo. Vilikuwa vya kufunga.

Mimi ni mtu wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Nimekulia chini ya roshani, katika nyumba ambazo madirisha yake yana vilango vya msaji vyenye papi zilizopangwa kwa kulala, moja juu ya nyingine. Mchana ukivifunga, upepo wa bahari unapenya baina ya papi na mwanga unalala sakafuni kwa mistari. Bibi yangu alikuwa akijua saa kwa mistari ile: ikifika mguu wa kitanda, ni adhuhuri. Mtu aliyelelewa hivyo, umlete Elwak umweke katika nyumba ndefu iliyojengwa kama darasa, bati juu, madirisha manne ya chuma na vioo yanayokodolea barabara macho, lazima kuna siku atashika msumeno.

Elwak, kwa asiyeijua, iko Kaunti ya Mandera, mpakani kabisa. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Somalia, kuna mji mwingine wenye jina lilo hilo. Maana yake ni visima vya Waaq, na Waaq ndilo jina la Mungu ambalo watu wa pande hizi walilitumia kabla ya Uislamu kufika. Mke wangu ni Mgarre, muuguzi. Mimi nina duka la kutoa nakala na kuuza madaftari. Useremala sikusomea. Niliuona tu utotoni, na kumbe kuona kazi kwa miaka mingi kunampa mtu ujasiri wote bila kumpa ujuzi wowote.

Nilianza vizuri, kwa kuomba ushauri. Nilimwendea fundi wa kuchomelea vyuma, maana huku mafundi wakubwa ndio hao. Mageti ya Elwak ni ya chuma, yamepambwa maua na nyota za bati na kupakwa buluu, nyekundu na manjano kama khanga za sikukuu. Fundi alinisikiliza, miwani yake nyeusi ameipandisha kwenye paji la uso.

"Seedi," akaniambia, maana huku kila mtu ni shemeji yangu, "madirisha yako ni ya chuma. Unataka kuyavisha mbao? Mchwa watakuombea dua."

Akajitolea kunitengenezea vilango vya bati, vyenye nyota. Nikakataa kwa adabu ya Kibokoni, yaani nilimsifu nusu saa nzima kisha nikaondoka. Laiti ningemwuliza swali moja tu kuhusu madirisha yale, kwa kuwa ndiye aliyeyatengeneza!

Mbao nikaagiza bara. Zilikuja mwishoni mwa msimu wa Hagaa, mwezi wa Septemba, kwa lori lililopita Isiolo na Wajir, zimelala juu ya magunia ya viazi. Zilikuwa za saipresi, inchi 6 kwa 1, zinanukia msitu kiasi kwamba watoto wa jirani walikuja kuzinusa. Zilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia. Nikadhani uzito ndio ubora. Nilipopigilia msumari wa kwanza maji yakachuruzika pembeni mwake, nikamwita shemeji yangu aje aone jinsi mbao hizi zilivyo hai.

Shemeji ndiye aliyekuwa msaidizi wangu. Ni kijana mwenye mkokoteni wa punda na maoni juu ya kila jambo. Tulipima dirisha: futi 4 kwa 4. Kwa hiyo kila kilango kiwe na upana wa futi 2, ambazo ni inchi 24, ambazo ni mbao nne za inchi 6. Hesabu ya darasa la tatu. Tukazikata, tukazipiga randa kingo zote mbili zikawa laini kama mkono wa bwana harusi, tukaziunganisha. Tulipovilaza viwili vya kwanza chini, ubavu kwa ubavu, mbele ya alama za dirisha nilizochora kwa chaki, katikati palibaki nafasi ya inchi 4.

"Paka atapita," shemeji akasema.

Randa ilikuwa imekula nusu inchi kwa kila ubao. Mbao nne, inchi 2. Vilango viwili, inchi 4. Nikasimama pale na kumkumbuka bibi yangu, na ule ubao mwembamba mrefu unaopigiliwa kwenye ukingo wa mlango mmoja ili uufunike mwanya wa wa pili. Upapi! Kila mlango wa pwani unao, na wanaojiweza huuchonga maua tangu juu hadi chini. Nimeupitia maisha yangu yote bila kujiuliza kazi yake. Nikajaza nafasi kwa vipande, nikaweka na upapi juu yake, nikajipongeza.

Nyuma ya kila kilango nilipiga mbao mbili za kukingama na moja ya mshazari, umbo la herufi Z. Hapa naomba msomaji asogee karibu, kwa sababu ndipo nilipoumbuka na nisingependa mwingine aumbuke vivyo hivyo. Mshazari kazi yake ni kubeba. Unatakiwa uanze chini, upande wa bawaba, upande kwenda juu kwenye ule ukingo usio na bawaba, uusukume usizame. Ukiuweka kinyume, haubebi kitu. Unaning'inia tu na wenzake. Sasa kilango cha kushoto na cha kulia bawaba zake haziko upande mmoja, kwa hiyo mshazari wa hiki ulalie huku na wa kile ulalie kule. Mimi nilitengeneza vyote vinane sawasawa, kama maandazi.

Vinne vilikuwa sahihi kwa bahati. Vinne vilizama kona siku ile ile.

"Tukigeuze juu chini," shemeji akapendekeza. Tukakigeuza kimoja juu chini. Tukasimama kukitazama. Mshazari ulikuwa umelala vile vile kama mwanzo. Tukakigeuza tena, kana kwamba mara ya pili Z ingetuonea huruma. Jaribu, msomaji, kwenye karatasi. Herufi ile haina juu wala chini.

Tukang'oa mishazari minne, tukaipiga upya. Mbao za watu zikabaki na matundu.

Ukuta nao ulitutesa. Lipu yetu ni nyepesi. Ukitoboa tundu la kidole unapata la ngumi. Umeme ukakatika katikati ya tundu la tano, tukamalizia kwa patasi na nyundo, vumbi jeupe likitujaa kwenye nyusi. Siku mbili zikaishia hapo. Jioni ya pili vilango vyote vinane vilikuwa vinaning'inia kwenye bawaba zake, vyeupe vya mbao, nami nikavifunga kimoja kimoja, nikarudi nyuma hadi barabarani. Nyumba ilikuwa nzuri. Sitamruhusu mtu aniambie vinginevyo. Kwa dakika kumi ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote kati ya Wajir na Mandera.

Ndani, mke wangu alikuwa anataka hewa. Nikasikia kioo kikigonga mbao. Kikagonga tena.

"Halifunguki," akasema.

Madirisha ya chuma, kwetu Kenya, karibu yote hufungukia nje. Ndani kuna vyuma vya kuzuia wezi, kwa hiyo hayana pa kwenda isipokuwa nje. Nimeishi na madirisha yale miaka sita, nimeyafungua kila magharibi kwa mkono wangu mwenyewe, na mkono wangu haukuwahi kuniambia. Vilango vikifungwa, madirisha hayafunguki. Madirisha yakifunguliwa, vilango havifungiki. Nilikuwa nimejenga vitu viwili vizuri visivyoweza kukaa nyumba moja.

Nikamwambia tutavifunga mchana, wakati wa jua kali, na usiku tutavifungua tupate upepo. Kwa hakika ni sawa kabisa: katika nchi ya joto kavu mtu hufunga mchana na kufungua usiku. Lakini usiku ule nilivifungua vikabaki wazi bila kulabu ya kuvishika ukutani, maana kulabu nilikuwa sijanunua. Saa saba upepo ukaja.

Kishindo cha kwanza kilinikalisha kitandani. Cha pili kilizima taa ya jirani. Huu ni mji wa mpakani, mlio mzito usiku wa manane hauna mzaha. Watu huku wakiusikia hulala chini kwanza, huuliza baadaye. Na mji wenyewe una historia ya milio. Tarehe 16 Desemba 1940, majeshi ya Afrika Kusini na ya Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, yaliwashambulia Waitaliano hapa mpakani, na mpaka leo kule Accra kuna uwanja wa michezo unaoitwa El Wak. Niliyawaza hayo nikiwa nimevaa kikoi, natambaa kwa tumbo uani kwangu, nikivikimbiza vilango vinane vinavyopiga makofi gizani. Nilivifunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Asubuhi jirani mzee alikuja na bakora yake, akavitazama, akanitazama, akasema tu, "Ni wewe?" Nikakiri ni mimi.

Basi ndipo nilipopanda ngazi na kuvipigilia ukutani vyote, vikiwa wazi, visisogee tena daima. Na ndipo mke wangu alipokuja na birika lake la chai. Sasa unaelewa lile neno urembo lilikotoka.

Nilidhani mambo yamekwisha. Nikavipaka rangi. Kijani, kama vya Mji wa Kale. Siku ya tatu baada ya rangi kukauka, mtu akabisha hodi adhuhuri.

"Nataka kutoa elfu mbili," akasema.

Nikamwambia hapa ni nyumbani kwa watu. Akavinyooshea kidole vilango: kijani kile kile, karibu kabisa, cha vibanda vya M-Pesa nchi nzima. Kwa wiki mbili tulipokea wateja. Mmoja alikasirika, akadhani nina pesa namnyima. Binti yetu wa miaka minane akaanza kuwaitikia kwa ndani, "Hakuna floti!", na wakaondoka wameridhika kuliko nilipokuwa nikiwaeleza.

Halafu wale jirani wa mke wangu, wanaopita kwenda kisimani, wakanipa jina. Huku mtu hapewi jina la utani kwa kuombwa ruhusa, anapewa, basi. Mimi ni Dariishad. Ndiyo dirisha kwa Kisomali, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi. Sisi tumelichukua kutoka Kiajemi, nao wamelichukua huko huko, likashuka pwani moja kwa majahazi yale yale. Nilipomweleza mke wangu hayo, kwa furaha ya mtu aliyegundua undugu, akanijibu kwa utulivu unaoumiza.

"Zile nyumba za Lamu ulizonipeleka tulipooana," akasema. "Zile za mawe, za zamani, ulizosema dunia nzima imezikubali."

"Mwaka 2001," nikasema. "UNESCO."

"Dirisha la barabarani liko wapi?"

Sikuwa na la kusema, kwa kuwa haliko. Nyumba za kale za Lamu zimeipa barabara mgongo. Kuta ni nene, nje pamekauka, na mwanga unaingilia kiwandani, ule uwazi wa ndani. Urembo wote, zile zidaka zilizopangwa ukuta mzima, umefichwa chumba cha ndani kabisa asikofika mpita njia. Roshani na vilango vya kuonyesha barabarani vilikuja kushamiri baadaye sana, katika karne ya 19, na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi walichangia pakubwa. Kwa hiyo kile nilichokuwa nakililia kama asili yangu kilikuwa mtindo wa jana tu. Mke wangu alikuwa amezitazama nyumba zetu vizuri kuliko mimi.

Mvua za Deyr zilipita, kidogo. Kisha kikaja kiangazi cha Jilaal.

Mtu wa pwani hana picha ya ukavu huu. Midomo inapasuka, sabuni inapasuka, udongo unapasuka. Usiku wa kwanza nilisikia tak. Halafu tak, upande wa jikoni. Nikajua, kabla sijatoka na tochi, kuwa ni zile mbao hai. Mbao mbichi ikikauka hunywea kwa upana. Urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Mimi nilikuwa nimezipigilia misumari pande zote mbili kwenye mbao za kukingama, hazina pa kwenda, kwa hiyo zilijipasua katikati. Kila kilango kilipungua karibu inchi nzima. Rangi ikabaki imesimama hewani kama ganda la nyoka. Na oili chafu ya gari niliyoipaka nyuma dhidi ya mchwa, kwa joto la Februari, ikateremka ukutani mistari mirefu ya kahawia chini ya kila dirisha. Nyumba yetu ilikuwa inalia.

Mama mkwe siku hiyo alivuka uwanja akaja hadi ukutani. Akaingiza kidole katika ufa mmoja. Akasema maneno machache.

"Anasema mbao zako zina kiu," mke wangu akanifasiria. "Anauliza kama unazinywesha."

Baadaye, jioni, mama mkwe alieleza zaidi, na nilimsikiliza kwa makini kuliko nilivyomsikiliza fundi wa chuma. Yeye alikuwa msichana wa kuhama na ngamia. Herio, zile nyumba za fito na mikeka, hujengwa na wanawake, hubomolewa nao, hufungwa juu ya ngamia nao. Fito huvunwa mbichi kwa makusudi, zikapindwa zikiwa bado zinatii, zikafungwa, zikaachwa zikaukie katika umbo linalotakiwa. Kwake ubichi ni chombo cha kazi. Mimi niliununua ubichi kwa bei ya mbao, nikaulazimisha uwe mraba.

"Na mikeka?" nikauliza. "Ikichakaa?"

"Unasuka mwingine," akasema, kwa Kiswahili, na ndiyo sentensi ndefu kuliko zote aliyowahi kuniambia bila mfasiri.

Vilango vikaanza kwenda kimoja kimoja. Viwili vilivyopasuka sana vikawa kuni, na kwa siku mbili chai yetu ilinukia utomvu. Viwili nilivipeleka dukani vikawa rafu ya madaftari. Viwili shemeji alivichukua akavifunga kwenye zizi la vibuzi, akavitilia bawaba upya na upapi juu na komeo la waya. Nilikwenda kutazama. Akakifunga kimoja, akakifunga cha pili, upapi ukaziba mwanya. Vibuzi vikabaki ndani. Nilivifungua na kuvifunga mara nne tano, mpaka shemeji akaniuliza kama nina kazi nyingine.

Viwili vya mwisho vimebaki kwenye dirisha la sebuleni, kwa amri ya binti yangu. Nyuma yake, kati ya mbao na ukuta, katika nafasi isiyotosha hata kiganja kupita, wamehamia popo wadogo. Kila magharibi anatoa kigoda chake uani na kuwahesabu wakitoka. Juzi walikuwa kumi na saba. Mama yake anafagia vinyesi asubuhi huku akilitaja jina langu jipya.

Wiki iliyopita, nikiwa nafunga duka, alikuja bwana mmoja mwenye kilemba safi na simu mbili. Amepita barabarani kwetu, akasema, na amependa sana yale mambo ya mbao dirishani. Anataka na yeye, madirisha sita, rangi yoyote isipokuwa kijani. Ila yeye anataka yafunge.

Nikachukua kalamu. Nikamwuliza, kabla ya vipimo, kabla ya bei, kabla ya chochote, madirisha yake yanafungukia nje au ndani.

Akafikiri. "Nyumba bado sijajenga," akasema.